Safari ya Kumi, Nusu Bei

Ulyankulu,
24 Machi 2025

Mkurugenzi,
Msafara Magari ya Kukodi,
Chemchem, Tabora.

YAH: KAMA UANACHAMA UNAMPUNGUZIA MTEJA BEI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wako namba 47. Nilijiunga Novemba mwaka jana, nikalipa kiingilio, nikapewa kadi ya kijani. Tangu hapo nimekodi gari lako mara kumi, Alhamisi moja kila wiki mbili, ile Noah iliyotolewa viti vya nyuma, kumpeleka mke wangu hospitali huko Tabora kutolewa maji tumboni na kumrudisha nyumbani. Kanuni ya kwanza ya kadi inasema mwanachama hulipa bei ya ukutani pungufu ya asilimia kumi. Nimelipa hivyo. Kanuni ya pili inasema safari ya kumi ni nusu bei, ila isifanyike kabla ya siku kumi na nne tangu safari ya tisa. Nimelipa hivyo pia.

Naomba kujua jambo moja. Je, kadi hii ilinipatia bei nafuu kuliko mtu asiye na kadi?

Naandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kanuni ya sita, nyuma ya kadi, inasema maswali na malalamiko yote yawasilishwe kwa maandishi. Hili si lalamiko. Ni swali.

Sina haraka ya jibu. Siku hizi sina haraka ya kitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Revocatus
Mwanachama Na. 47


Chemchem, Tabora
28 Machi 2025

Mzee wangu Revocatus,

Shikamoo.

Barua yako nimeletewa na konda wa basi la asubuhi. Umeifunga kwa gundi, na juu ya gundi umepiga selotepu, nikajua leo nimeshitakiwa! Nimeifungua, kumbe ni mteja wangu mpole kuliko wote ananiuliza bei. Mzee wangu, kanuni ya sita ilitungwa na mpwa wangu Doto, katoka chuo na maneno yake mengi. Nilimwachia aandike kwa kuwa nilijua hakuna Mtanzania atakayeisoma. Wewe umeisoma. Nimemwonyesha Doto, kafurahi siku nzima.

Jibu ni ndiyo, tena ndiyo kubwa. Bei ya ukutani laki na themanini, wewe unalipa laki moja na sitini na mbili. Na ile ya kumi umelipa elfu tisini. Nani mwingine nampa hivyo? Mwanachama ni mtu wa nyumbani. Jina lenyewe Msafara nimelitoa kwa babu wa babu yangu, aliyekuwa akiongoza wapagazi kutoka hapa Tabora mpaka Ujiji, na kwenye msafara wake mtu akishaingia ni wa kwao.

Sasa na mimi nina lalamiko, na silitoi kwa maandishi tu, nalitoa kwa kununa. Fomu inaonyesha Alhamisi ya tarehe 13 mlikuja, "mgonjwa na msindikizaji" kama kawaida, lakini hamkupita ofisini. Mkeo Mama Adriano kanizoesha karanga zake za kukaanga kwa mchanga, kisha kaninyima. Mwambie nipo kwenye mfungo, mchana siwezi kuzila, lakini magharibi ningezifuturia. Mwambie na jana Alhamisi nilimtazamia pia, sikuona oda yenu. Idi hii nitamwekea visheti, aje avifuate mwenyewe.

Halafu hongera. Kwa safari kumi umeingia daraja la Dhahabu. Kadi mpya Doto anaichapa.

Mimi wako,
Mwanajuma binti Adinani


Ulyankulu,
2 Aprili 2025

Bi Mwanajuma,

Marahaba. Idi njema iliyopita.

Salamu zako sikuzifikisha. Mke wangu Apolinaria alifariki Jumatano tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi, baada ya kunywa uji nusu kikombe. Fomu ya tarehe 13 haisemi kweli. Aliyekuja Tabora siku ile ni mimi peke yangu. Nilikuja kununua jeneza. Lilienea vizuri pale viti vilipotolewa. Nilimwomba dereva wako Lukumani asiseme kitu kwa mtu, akajaza fomu kama ilivyozoeleka. Usimwadhibu. Nililipa elfu tisini na risiti ninayo.

Sijalia. Watu walikuja kulia, na mimi niliwapangia viti. Naamka, nachuma tumbaku, naifunga, nakula ninachopewa na jirani, nalala. Mwanangu Adriano alikuja kutoka Kahama, amesharudi kazini. Kila mtu akinipa pole nasema ahsante. Sisikii kitu, Bi Mwanajuma. Nilijibana kidole kwenye mlango wa ghala wiki iliyopita, nikakitazama.

Nitakueleza kwa nini nauliza habari ya bei. Jumatatu tarehe 10 alianza kuhema akiwa amekaa. Akilala alishindwa kabisa. Ilikuwa siku tatu kabla ya Alhamisi yetu. Nilikuwa na elfu tisini na sita, basi. Hela ya tumbaku haijaingia. Kwa elfu tisini na sita gari la siku ya kawaida silipati. Nikachukua kadi, nikasoma. Safari ya tisa ilikuwa tarehe 27 Februari. Siku kumi na nne zinatimia tarehe 13. Nikamwambia, Mama Adriano, vumilia siku tatu, Alhamisi kadi itakuwa imeiva. Akasema sawa. Yeye ndiye aliyekuwa akiitunza ile kadi, ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Labda utajiuliza mtu gani huyu anayengojea kadi. Nimekuja hapa mwaka 1972, nina miaka sita, nimebebwa mgongoni kutoka Burundi. Tulipewa kadi ya mgao. Siku iliyoandikwa ndiyo siku ya unga. Mama yangu aliwahi kwenda kuomba siku mbili kabla, mdogo wangu akiwa hajala, na mtu wa ghala akamrudisha mwisho wa foleni mbele ya watu wote, na mwezi ule tulipata mwisho. Baba akatuambia, mwenye kadi haombi, mwenye kadi anangoja. Hata cheti cha uraia nilikingoja miaka bila kuuliza. Jirani yangu aliyekuwa akienda kuuliza kila wiki alikipata siku ile ile niliyokipata mimi. Kwa hiyo nimekuwa mtu wa hivyo.

Sasa swali langu. Kama bei yangu ilikuwa ya chini kuliko zote, basi mtu yeyote mwenye elfu tisini na sita siku ile angengoja kama nilivyongoja. Ndicho ninachotaka kujua. Pole nimezipata nyingi, sihitaji nyingine.

Revocatus
Mwanachama Na. 47


Chemchem, Tabora
5 Aprili 2025

Mzee wangu, Baba Adriano,

Innalillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nilianza kusoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaimaliza nimekaa chini. Umesema hutaki pole, lakini nisipokupa nitakuwa nani? Pole, mzee wangu. Pole sana. Na unisamehe yale maneno ya karanga na kununa. Nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Nimemtuma mtu atandike jamvi hapa uani, tumekaa na majirani kidogo, tumemtaja Mama Adriano kwa wema wake.

Kuhusu swali lako. Bei yako ilikuwa ya chini kuliko zote. Hapana aliyepata chini ya hapo, mwenye kadi wala asiye na kadi. Mtu yeyote angengoja. Usijitese na hesabu, siku ya mtu ikifika imefika, na hiyo ni kazi ya Mungu, si ya magari.

Lukumani anakuletea sukari kilo tano na mchele. Sijamwadhibu.

Mimi mwenye huzuni,
Mwanajuma binti Adinani


Ulyankulu, imeandikiwa garini
8 Aprili 2025

Baba Adriano,

Shikamoo mzee.

Sukari na mchele nilivyokupa ni vya bosi. Barua hii ni yangu na bosi haijui. Nimeshindwa kukuambia ana kwa ana pale kwako, ndiyo maana nimeegesha hapa mbele kidogo ya kanisa, naandika juu ya usukani. Nitampa katekista akuletee.

Siku ile tunatoka kununua sanduku uliniuliza, Lukumani, kuna mtu analipa pungufu yangu? Nikajifanya naangalia mashimo. Mashimo yalikuwepo kweli, lakini nilikusikia. Na leo umeniambia bosi amekuandikia kwamba hakuna. Ukasema, basi sawa, ukaingia ndani. Nimeendesha mita mia mbili nikashindwa kwenda mbele.

Mzee, bei ya ukutani ni ya kuanzia. Hapa mjini kila mtu anajua. Mteja anapiga simu, anaguna, anasema bosi bana punguza, sina hela mimi, bosi anaapa kwamba anapata hasara, wanacheka, inashuka. Bernardo mnunuzi wa tumbaku, huyo huyo anayenunua yako, tunamleta Ulyankulu kwa laki na thelathini na hana kadi yoyote. Kadi zilipokuja, Doto alipandisha kwanza bei ya ukutani ndipo akaweka hiyo asilimia kumi. Wanachama wengine wanaomba juu ya hiyo asilimia, wanapunguziwa tena. Wewe peke yako ndiye ulikuwa unalipa kama ilivyoandikwa. Mwanzoni tulidhani una hela. Baadaye tukazoea.

Nilitakiwa nikuambie safari ya pili tu. Mama alikuwa akinigawia karanga njia nzima, amelala kwenye godoro kule nyuma, huku akinihesabia makalavati yaliyobaki kufika mjini. Nilikula karanga zake safari tisa na sikufungua mdomo. Naogopa kazi yangu, nina watoto wanne. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Roho inaniuma, mzee.

Kijana wako,
Lukumani


Ulyankulu,
10 Aprili 2025

Bi Mwanajuma,

Nimeshajua habari ya bei ya kuanzia. Nisingependa uulize nimejuaje, na ukijua, usimfukuze mtu. Ana watoto.

Kwa hiyo kwa miezi yangu ya uanachama nimelipa zaidi ya wasio wanachama. Sikukasirika. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilikwenda kumuuliza Bernardo akanithibitishia, akacheka kidogo, halafu akakumbuka msiba akaacha.

Hizo tofauti sizidai. Hata laki na thelathini sikuwa nayo siku ile, kwa hiyo kwa upande wa bei ningekwama vile vile. Kinachonisumbua ni kingine. Lukumani, nimeshamtaja basi, anasema watu hupiga simu wakaomba. Simu yangu Jumatatu ile ilikuwa mfukoni na ina chaji. Namba yako ipo kwenye kadi, chini ya kanuni ya sita. Kadi nilikuwa nimeishika.

Sijawahi kuomba bei maishani, sijui inavyosemwa. Nimejaribu kuandika ningesema nini. Nimeandika hivi: "Bi Mwanajuma, mke wangu anashindwa kupumua. Nina elfu tisini na sita. Naomba gari sasa hivi." Nimeisema kwa sauti jikoni, pale alipokuwa amekaa. Haimalizi hata nusu dakika.

Ungenijibu nini?

Barua iliyopita ulinihurumia. Hii usinihurumie.

Revocatus


Chemchem, Tabora
13 Aprili 2025

Baba Adriano,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara mbili. Hii ya tatu naituma kabla sijaisoma.

Nilikudanganya. Nilijiambia namfichia mzee wa watu, atulie, mke wake harudi. Sehemu ni kweli. Sehemu nyingine nilikuwa naficha ukuta wangu na bei zake. Tabora ni mji uliojengwa na watu wanaobishana bei, mzee wangu. Hata wapagazi wa babu walibishana posho kila asubuhi kabla ya kuinua mzigo, na asiyebisha alipewa mzigo mzito. Mimi nimezaliwa humo, nimelelewa dukani. Mteja akilipa bila kubisha namshangaa, namwona tajiri au namwona mjinga, hela naichukua. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayelipa kwa sababu ametuamini. Hilo ndilo linaloniamsha kabla ya adhana sasa hivi.

Umeuliza ningekujibu nini. Ningekujibu hivi: "Lukumani anatoka sasa hivi, mwinue Mama mkalishe, hela tutaongea." Ndivyo ningejibu. Ningejibu hivyo hata ungesema huna kitu. Hapa Chemchem hata adui yangu akisema mgonjwa hapumui, gari linatoka kwanza, ugomvi baadaye. Nilidhani kila mtu anajua hivyo. Kumbe niliandika kanuni sita na hiyo sikuiandika.

Nimefungua daftari la magari, kwa kuwa umesema nisikuhurumie. Noah ile Jumatatu haikuwa na mteja. Jumanne haikuwa na mteja. Jumatano haikuwa na mteja. Ilikuwa imeegeshwa hapa kibandani, tangi limejaa, Lukumani anacheza bao. Ungepiga saa tatu, adhuhuri ingekuwa mlangoni kwako.

Sijui kama angepona. Nakuapia sijui. Umeuliza la gari, la gari nimekujibu.

Bango la kadi nimelishusha mwenyewe. Lukumani yupo kazini na atabaki. Aliponiona nasoma barua yako alikuja akasema mwenyewe kabla sijamuuliza.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Mwanajuma


Ulyankulu,
15 Aprili 2025

Bi Mwanajuma,

Barua yako imefika jana jioni. Ahsante kwa kunijibu nilichouliza.

Niliisoma nikiwa nafunga tumbaku. Nilipofika pale ulipoandika kwamba Jumatano haikuwa na mteja, mikono ikaacha kufunga. Nilikaa juu ya robota nikalia. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja, akataka kunishika, nikamwambia aniache. Inauma, Bi Mwanajuma. Inauma hapa kifuani, mahali hasa naweza kuonyesha kwa kidole. Mwezi mzima nilikuwa sina mahali.

Sina la kukusamehe ambalo mimi mwenyewe sipaswi kujisamehe. Wewe hukuniambia niombe, na mimi sikuomba. Yeye alisema sawa. Nadhani na yeye alikuwa mtu wa kadi kama mimi, tulifundwa pamoja.

Kadi naiambatanisha. Ilikuwa kwenye kitabu chake, kwenye wimbo wa kuingilia. Ina alama za mafuta ya karanga.

Sasa nina jambo lingine. Arobaini yake inaangukia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21. Dada yake Advera yuko Tabora na mguu haumruhusu kupanda basi. Nataka gari limchukue asubuhi, limlete hapa, limrudishe jioni. Nataka Lukumani aendeshe. Na wewe ukipata nafasi, kuna mahali pa kukaa mbele. Karanga zake zimebaki nusu debe na mimi sijui kuzikaanga kwa mchanga.

Nimeambiwa bei ya ukutani ni laki na themanini. Hiyo ni kubwa mno. Mimi ni mkulima na hela ya tumbaku bado. Natoa elfu tisini na sita.

Namba yangu unayo, na simu nimeiweka mezani mbele yangu. Piga useme unapata hasara. Nitaomba tena.

Revocatus,
Baba Adriano